Jinsi Tulivyoipita Mbingu ya Jirani

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba ni siri. Kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali cha Idara ya Majina, na idara hiyo imefungwa kupisha semina ya kuharakisha utoaji wa vibali. Msomaji aridhike kujua kwamba ni nchi nzuri, ina amani ya kutosha na foleni za kutosha, na kwamba upande wa kaskazini imepakana na nchi nyingine ambayo sisi tunaiita Jirani, tukilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Mimi ni Shomvi Mkadara, Mkurugenzi Mkuu wa Jumba la Nyota la Taifa, na nimeagizwa na Wizara niandike historia ya jumba hili kwa faida ya wageni. Nimeambiwa niandike ukweli, ila nisiuzidishe. Basi naanza na ule usio na shaka: nina wivu. Nina wivu mwingi, nalala nao na kuamka nao, na wote ni wa mtu mmoja anayeitwa Kisembo Tuwano. Msinifikirie vibaya. Kwingine wivu ni tabia mbaya. Kwetu ni sera.

Sera hiyo ilianza pale Waziri wetu wa Mambo ya Juu, ambaye wizara yake inashughulikia anga, maghorofa na bei za vyakula, alipokwenda kwa Jirani kwenye mkutano wa ng'ombe waliovuka mpaka. Kikao kilipoahirishwa wenyeji wakampeleka kwenye jumba moja la duara, wakamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, wakazima taa. Juu ya kichwa chake zikatoka nyota. Zikatoka na sayari: Zuhura, Mshtarii, Zohali na pete zake, zikazunguka polepole huku sauti ya mwanamke ikizieleza moja moja. Walioandamana naye wanasema Waziri alilia. Mwenyeji mmoja akamuuliza kama ameguswa na uzuri wa uumbaji. Akasema hapana, ameguswa kwa sababu vitu hivyo ni vyao.

Aliporudi alizungumza na waandishi wa habari palepale uwanja wa ndege, koti bado liko mkononi.

"Ndugu zangu, nimeona mambo," alisema. "Wenzetu mbingu yao wameiweka ndani. Safi, imeezekwa, ina viti. Sisi yetu tumeiacha nje tangu uhuru. Inanyeshewa. Inapigwa jua. Kila mtu anaitazama bure, hata asiyelipa kodi. Nimeona aibu, na nawaomba na nyinyi muone."

Nchi nzima iliona. Watu waliozoea kutoka uani jioni na kuinua macho bila wasiwasi walianza kutembea wakitazama vidole vyao vya miguu. Bunge likakaa, likapitisha kwa kauli moja Sera ya Taifa ya Wivu wa Maendeleo, kwa hoja kwamba hatuwezi kuendelea huku tumeridhika. Kila mtu mzima alitakiwa kwenda kwa balozi wa mtaa wake na kumtaja raia mmoja anayemwonea wivu, ili juhudi zake zipate pa kuelekea. Wengi walitaja mashemeji zao. Mke wangu Hidaya alimtaja mama wa nyumba ya pili, kwa sababu ya friji. Mimi nilimtaja Kisembo kabla balozi hajamaliza kuuliza swali.

Huyo Kisembo tulisoma darasa moja. Kila mtihani alikuwa wa kwanza na mimi wa pili, isipokuwa mara moja alipougua malaria nikawa wa kwanza mimi. Na siku hiyo alikuja nyumbani na homa yake, amejifunga blanketi, kunipongeza. Nilipooa, alicheza kuliko wajomba zangu. Nilipopata kazi wizarani na yeye akabaki mwalimu wa jiografia wa shule ya msingi, aliniletea jogoo. Sijui kama msomaji ananielewa. Unampita mtu, unageuka nyuma uone anavyoumia, unamkuta anakupigia makofi. Katika haya yote nitakayoyasimulia nilitaka kitu kimoja tu, na sioni haya kukisema: Kisembo anionee wivu, walau siku moja, walau kidogo, na niuone machoni mwake.

Sasa nije kwenye ujenzi.

Andiko la kuanzisha Jumba la Nyota nililiandika mimi. Nilieleza faida zake kwa elimu, utalii, kilimo na ulinzi, na hapo kwenye ulinzi niliandika kirefu zaidi ili lisomwe. Sharti la kwanza la serikali lilikuwa kwamba kuba letu lizidi la Jirani. Wakatumwa maofisa wawili waliojifanya maharusi, wakaenda kulipima la Jirani kwa kamba waliyoificha kwenye shela, na kipimo walichorudi nacho kikaongezwa kiasi cha heshima.

Kisha yakaja mawe ya msingi. Kwetu kiongozi hawezi kupita karibu na shimo la ujenzi asiweke jiwe la msingi, maana akipita bila kuweka watu watauliza ana tatizo gani na maendeleo. Aliweka Waziri. Akaweka Naibu Waziri. Akaweka mkuu wa mkoa, mke wa mkuu wa mkoa, mwenyekiti wa vijana, na mwenyekiti wa vijana wa upande uliokuwa haumtambui mwenyekiti wa vijana. Kila jiwe lilikuwa na jina na tarehe, na hakuna aliyethubutu kuyafukia. Siku moja fundi mkuu alisimama akayaangalia, akavua kofia, akasema ukuta wa mashariki umekwisha. Mpaka leo ukipita upande huo unaweza kusoma serikali nzima kutoka chini hadi darini.

Tatizo jingine lilikuwa picha. Sheria yetu inasema katika kila jengo la umma picha ya Mlezi wa Taifa itundikwe juu kuliko vitu vyote. Ofisini ni jambo jepesi. Kwenye kuba, mahali palipo juu kuliko vyote ni pale katikati kabisa, utosini, na mtambo wa nyota unaporusha mwanga wake hapo ndipo nyota huwa nyingi. Injinia alisema picha itaziba nyota. Afisa Itifaki akamuuliza hizo zinazozibwa ni nyota za ngazi gani. Injinia hakujua. Picha ikatundikwa, uso chini, na tangu siku hiyo mtu akikaa kwenye viti vyetu vya kuegemea anatazamana na Mlezi ana kwa ana, kama mgonjwa na daktari wa meno.

Nilingoja uteuzi kwa utulivu wa mtu anayejua kitakachotangazwa. Hidaya alikuwa amekwisha kuninunulia suti. Wiki hiyohiyo Waziri alikwenda kukabidhi madawati kwenye shule fulani ya msingi, akapita kwenye darasa ambalo Kisembo alikuwa akifundisha kupatwa kwa mwezi kwa kutumia chungwa, limau na kurunzi. Waziri alikaa kwenye dawati moja lililokuwa halijakabidhiwa, akasikiliza hadi kengele ilipolia, kisha akainua mkono akauliza swali. Jioni yake redio ikatangaza Mkurugenzi Mkuu wa Jumba la Nyota. Ni Kisembo Tuwano.

Mimi niliteuliwa Naibu Mkurugenzi (Giza). Msicheke. Jumba la nyota haliwezi kufanya kazi bila giza, na lazima awepo mwenye dhamana. Nilikuwa nafunga mapazia, nahakikisha milango haipitishi mwanga, na wakati ukifika nazima taa. Nilipewa ofisi isiyo na dirisha, kwa ajili ya mazoezi.

"Shomvi, ndugu yangu," Kisembo aliniambia siku ya kwanza, amenishika mikono yote miwili, "sijui niseme nini. Andiko ni lako, na mimi ndiye wamenipa. Lakini nashukuru tuko pamoja. Bila wewe hakuna kitakachoonekana."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo lililoniumiza.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Walikuwepo wabunge, mabalozi, wanafunzi, mashehe, mapadri, na vikundi vitatu vya ngoma. Maonyesho yetu yanaanza na machweo: jua la mtambo linakaa ukingoni mwa kuba, linazama, kisha nyota zinatoka. Lakini kwetu hakuna kinachoanza kabla mgeni rasmi hajafika. Harusi haianzi, mazishi hayaanzi, na jua nalo halikuanza. Waziri alikuwa mgeni rasmi na alikuwa njiani, kwa mujibu wa simu zake zote. Basi tukakaa machweoni, jua jekundu limesimama ukingoni. Wanafunzi wakasinzia. Wapiga ngoma wakamaliza ngoma walizokuja nazo wakaanza kupiga za wenzao.

Nje, jua la kawaida lilizama bila kumngoja mtu. Adhana ikasikika. Mzee mmoja aliyekuwa amefunga alitoa tende mfukoni, kisha akalitazama lile jua la ukumbini akaingiwa na shaka.

"Mwanangu," alimuuliza Afisa Itifaki, "hapa nafuata lipi?"

Afisa Itifaki alitazama kuba, akatazama mlangoni. "Vuta subira kidogo, mzee wangu. La serikali bado halijazama."

Mzee alifikiri. Kisha akaila tende yake, akasema saumu yake hakuifungia serikali.

Waziri alifika, akahutubia. Alisema leo tumempita Jirani kwa upana, kwa urefu na kwa idadi ya viti. Alisema kuanzia leo mbingu yetu haitanyeshewa tena. Makofi yalipokwisha nikazima taa. Lilikuwa giza zuri sana, halina hata tundu. Nililifanyia kazi miezi. Hakuna aliyelipigia makofi.

Kisha Kisembo akaanza kusema. Hakuwa na sauti kubwa. Alisema taratibu, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda kwao.

"Tazameni kushoto kwangu, pale chini. Kile kikundi kidogo, kama punje za mtama zilizomwagika, ni Kilimia. Bibi zetu walikuwa wakikiona alfajiri wanajua jembe litolewe. Hawakuwa na saa wala kalenda. Walikuwa nacho hicho, na kiliwatosha. Sasa njooni nami juu kidogo. Ile nyekundu, si taa ya mnara, ni Mirihi."

Ukumbi wote ulikuwa kimya, na haukuwa ule ukimya wa kulazimishwa tunaoufahamu. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Jamani, kumbe." Nilimwona Hidaya wangu safu ya mbele, mkono mdomoni, macho juu, uso umekuwa wa msichana. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kidole changu kwenye swichi. Roho iliniuma mpaka nikasikia ladha yake. Kijiba cha roho watu hukitaja kama usemi tu. Mimi nilikisikia kimekaa hapa, chini ya titi la kushoto, kigumu. Nilizima kila kitu ili mtu mwingine aonekane.

Tukirudi nyumbani Hidaya alitembea ameinua uso juu. Kisha akaniuliza, "Shomvi, ulijua kwamba nyota zina rangi?"

Nikamwambia idara yangu haihusiki na rangi.

Tangu hapo watu walikuja kila siku. Walikuja na vyakula, walikuja na wagonjwa, wengine walikuja mara mbili kwa siku moja. Wakawa wanamsimamisha Kisembo sokoni kumuuliza Zohali anaendeleaje. Yeye akifika ofisini ananipa mikono, ananieleza vitu vyote, ananiambia, "Leo giza lilikuwa safi, ndugu yangu, nimelipenda lile pazia jipya." Alikuwa hakosi kuliona giza langu. Niliapa moyoni nitampiga chini.

Naomba ieleweke kwamba sikusema uongo wowote. Nilipata tu kijitabu cha wageni cha jumba la Jirani, chenye picha, nikakifananisha na ratiba yetu. Nikaomba kumwona Waziri.

"Mheshimiwa, sisemi kwa ubaya," nilianza, kama tunavyoanza sote. "Lakini nyota tunazoonyesha wananchi wetu ni zilezile za Jirani."

Waziri aliweka kikombe chini. "Zote?"

"Zote, mheshimiwa. Hata Kilimia."

"Hata Kilimia," alirudia, na nikaona machozi ya siku ile yanamrudia. "Kumbe tumejenga jumba lote lile tukaweka mali ya Jirani."

Tume ikaundwa, Waziri mwenyewe mwenyekiti. Kisembo aliitwa, akaja na chungwa na limau kwa kudhani anaitwa kufundisha.

"Mkurugenzi," Waziri alimuuliza, "hiki Kilimia ni cha nani?"

"Si cha mtu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unakiri umeonyesha kitu kisicho na mwenyewe, kwa umeme wa serikali."

"Mheshimiwa, hizi ndizo nyota zilizopo. Sisi na Jirani tuko chini ya mbingu moja."

Wajumbe waliacha kuandika. Mmoja aliinuka akafunga mlango.

"Moja," alisema Waziri polepole. "Na nani aliidhinisha iwe moja?"

Kisembo hana hila, na hilo ndilo lililommaliza. Alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la maana, akajibu, "Nadhani ilikuwa hivyo tangu kabla ya uhuru, mheshimiwa."

"Basi," Waziri alisema, "ni masalia ya ukoloni."

Tume iliagiza kila nyota inayoonekana pia kwa Jirani iondolewe mtamboni. Mafundi wakakaa na kile kijitabu, wakawa wanazizima moja baada ya nyingine. Zuhura ikaenda, Mshtarii ikaenda, Zohali ikaenda na pete zake. Mwezi ulijadiliwa kikao kizima; mjumbe mmoja alidai mwezi wetu ni mkubwa zaidi, hasa vijijini, lakini hakuwa na ushahidi. Walipomaliza, kilichobaki kwenye kuba kilikuwa picha ya Mlezi na taa ndogo ya kijani juu ya mlango wa dharura. Tume ikapendekeza Kisembo aondolewe, na nafasi yake apewe mtu mwenye uzoefu wa kile kilichobaki.

Mwenye uzoefu huo nchi nzima alikuwa mmoja.

Nimeliongoza jumba hili kwa mafanikio. Kila siku ya kazi nazima taa, nasimama kwenye kipaza sauti palepale aliposimama yeye, na kuwaambia wananchi, "Mnachokiona sasa ni chetu peke yetu." Gazeti la serikali limeandika kwamba ukanda mzima hauna giza kama letu. Shule zinaleta watoto, na walimu wanasema hawajawahi kuwaona wamepumzika hivyo. Jirani hajasema lolote, na Waziri anaamini hiyo ni dalili ya wivu.

Mimi wivu wa Jirani haukuwa unanihusu. Nilingoja wa Kisembo. Nilidhani atapita nje ya jumba akitazama kwa huzuni, lakini hakupita. Nilidhani atasema maneno sokoni. Nikatuma watu wasikilize, wakarudi wakasema amerudi kufundisha jiografia, amepanda mchicha nyuma ya nyumba, na anasalimia watu. Basi nikachukua gari la ofisi, lile lenye bendera, nikamwambia dereva apige honi mara atakapoiona nyumba.

Kisembo alikuwa akimwagilia mchicha kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. Aliliweka chini akaja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Mkurugenzi mwenyewe. Karibu, ndugu yangu, karibu sana. Chai ipo."

"Sishuki. Nilikuwa napita." Nikasubiri. "Umeliona gari?"

"Nimeliona. Zuri. Linakufaa, wewe ulikuwa unaumwa na mgongo kwenye mabasi."

"Lina kiyoyozi."

"Hongera sana, Shomvi. Hongera kwa kweli."

Nilimtazama machoni. Nilitazama kwa makini, kama mtu anayetafuta kibanzi. Nikamwambia kuhusu dereva, kuhusu posho ya safari, kuhusu katibu muhtasi wangu ambaye watu lazima wamwombe kabla ya kuniona mimi. Kila nilichotaja alikipokea kama habari njema kutoka nyumbani. Mwisho akaniuliza kama nalala vizuri, maana ameniona nimekonda. Akachuma fungu la mchicha akaliweka mapajani mwangu, ndani ya gari lenye bendera, na matone ya maji yakanilowesha suti.

Hidaya aliupika jioni ile. Alisema hajala mchicha mtamu kama ule.

Siku ya pili nilikwenda kwa balozi wa mtaa wa Kisembo. Kama nilivyoshuku, tangu sera ianze Kisembo hakuwa amemtaja mtu yeyote, na balozi, mtu mpole, alikuwa anamwonea haya kumkumbusha. Sheria iko wazi: raia asiye na wivu anarudisha taifa nyuma, na adhabu yake ni kifungo. Nikatoa taarifa.

"Unampeleka mwenzio mahakamani ili akuonee wivu?" Hidaya aliniuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kukunja.

"Nampeleka akatimize wajibu wa raia."

"Na akifungwa?"

"Hafungwi. Anatakiwa aseme neno moja tu."

"Neno hilo unalitaka wewe, Shomvi. Serikali haina haja nalo."

Alikuwa amesema kweli, na nililitaka kuliko gari.

Mahakama ilijaa kama siku ya ufunguzi. Waziri alikaa mbele. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani aitwaye Bi Ndalu, alisoma shitaka, akamgeukia mshitakiwa.

"Bwana Tuwano, unamwonea wivu nani?"

"Nimejaribu, mheshimiwa," alisema Kisembo. "Nilipopata hati ya kuitwa nilizunguka mtaa wote. Kila nikimwona mtu ana kitu, naona kimempendeza. Nikarudi nyumbani."

Watu waliguna. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto alimvuta karibu. Bi Ndalu aliinamisha kichwa akasema sheria haimpi nafasi, ila kabla ya hukumu mahakama itampa msaada wa mwisho: Mkurugenzi Mkuu asimame, ataje alivyo navyo, mshitakiwa asikilize, pengine wivu utamwingia.

Nilisimama. Nilianza vizuri. Nikataja gari, bendera, dereva, posho. Nikataja ofisi mpya yenye madirisha. Kisembo alinisikiliza kwa adabu, na uso wake haukubadilika. Nikaongeza zulia. Nikaongeza birika la umeme. Nikasikia sauti yangu imeanza kupanda, lakini sikuweza kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza ndiyo ingekuwa mwisho. Nikataja kiti changu cha ofisini, nikasema kina magurudumu, nikasema kinazunguka. "Kinazunguka pande zote," nilisema. "Unaweza kukizungusha huku, na unaweza kukizungusha huku." Na mikono yangu, mbele ya mahakama na Waziri na mke wangu, ilikuwa inaonyesha.

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Kisembo. Alikuwa ameacha kumtazama hakimu, ananitazama mimi, kwa macho ambayo nadhani huwatazama nayo wanafunzi waliokwama ubaoni mbele ya wenzao. Akainua mkono.

"Mheshimiwa, naomba nibadilishe jibu."

"Sema."

"Umeniingia. Namwonea wivu Shomvi."

"Kwa lipi hasa?"

Nilimwona anatafuta, anapita kwenye zulia, kwenye birika. "Kwa kile kiti," alisema.

Bi Ndalu aliandika, akatangaza shauri limekwisha na mshitakiwa yuko huru. Mahakama nzima ilipiga makofi. Waziri alinishika mkono, akasema mimi ni raia wa kwanza ambaye kuonewa kwake wivu kumethibitishwa na mahakama, na kwamba kwa Jirani hawana kitu kama hicho. Nilicheka na kila mtu. Hidaya alikuwa amekwisha kutoka.

Kisembo alinikuta kwenye ngazi za nje. Alinishika mikono yote miwili, kama zamani.

"Imetosha, ndugu yangu?" aliuliza kwa sauti ya kutosikika na wengine. "Kama haikutosha, niite tena. Nitakuja."

Akashuka ngazi akaenda zake, maana alikuwa na kipindi cha mchana.

Basi historia imefikia hapo. Jumba liko wazi siku zote za kazi, na wageni wanaombwa wasije na kurunzi. Kisheria Kisembo Tuwano ananionea wivu, na hukumu hiyo haiwezi kukatiwa rufaa. Ni mimi tu niliyeyaona macho yake, na ni mimi tu ninayejua kwamba alinipa wivu kama mtu anavyompa ndugu yake mchele, bila kupima na bila kutaka kurudishiwa, kisha akaenda na kwake hakikupungua kitu. Mimi nina gari, nina bendera, nina giza la taifa zima, na sina kitu hata kimoja ninachoweza kumpa mtu namna ile. Namwonea wivu sana.